Ndege Aliyesomewa Halbadiri

Jua limeshapanda juu ya mikoko na maji ndiyo kwanza yanaanza kujaa horini, mkono mwembamba wa bahari uingiao mikokoni. Bi Mize Kificho amesimama juu ya tuta la bwawa, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, miguu mitupu imejaa tope mpaka magotini. Mkononi ameshika donge la udongo mbichi, ukubwa wa andazi. Mbele yake, hatua chache ndani ya maji, amesimama ndege.

Na si ndege wa kupita ukamsahau. Bi Mize si mrefu, lakini hata hivyo ndege anayemfika mtu mzima kifuani si jambo la kila siku. Mgongo na mabawa yake ni ya kijivu. Kichwa na shingo vina rangi ya karafuu iliyokwisha kupigwa jua siku mbili. Mdomo ni jambia tupu. Miguu yake myeusi imezama majini na haitikisiki hata kidogo.

Wanaosoma vitabu vya ndege humwita koikoi mkubwa. Hapa Makangale, kaskazini kabisa mwa Pemba, anaitwa Bwana Harusi.

"Mwangalie," anasema Bi Mize kwa sauti ya chini. "Kavaa joho, kanyoosha shingo, hacheki, hasemi. Kama anasubiri kupigwa picha, wallahi."

Anainua mkono. Lakini harushi. Kwanza anamtazama ndege kasimama wapi, anatazama maji yanayomzunguka, anatazama tuta lililo nyuma yake. Anaguna kidogo, karidhika. Ndipo donge linaruka na kuanguka majini karibu na miguu ile.

"Shh! Toka, bwana! Nenda kwenu!"

Bwana Harusi anakunja shingo, anakoroma sauti nzito kama mlango wa ghala uliokosa mafuta, anapiga mabawa taratibu na kwenda kutua ng'ambo ya hori. Hana haraka, wala haoneshi kuudhika. Maji yakijaa tena atarudi, naye Bi Mize atamtupia donge jingine.

Hiyo ndiyo kazi. Bi Mize ni mlinzi wa mchana wa bwawa la samaki aina ya mwatiko, mali ya kikundi cha wanakijiji kiitwacho Tuaminiane. Analipwa posho ya shilingi elfu tatu kwa siku, na samaki wakivuliwa anapata fungu lake kama mwanachama yeyote. Kazi yenyewe ni kukaa tutani tangu asubuhi mpaka magharibi, kufukuza ndege, na kuhakikisha hakuna mkono wa mtu unaoingia majini bila ruhusa.

Jina la kikundi, Tuaminiane, mwaka jana lilikaribia kugeuka kichekesho. Kisa ni huyu huyu bwana aliyetua ng'ambo, anayejifanya hayamhusu.

Bi Mize alizaliwa Makangale na ameolewa Makangale. Mumewe alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na tangu hapo amefanya kila kazi inayofanyika kisiwani. Msimu wa karafuu amechuma na kuchambua. Amelima muhogo. Mwani ameulima mpaka viganja vikachubuka, halafu maji yakawa ya moto, mwani ukawa unaoza kambani kabla haujakua.

"Nilifika mahali nikasema sasa basi, bahari imenikataa," anasema. "Ndipo wakaja hawa na maneno ya bwawa."

Hawa ni majirani zake, wakiongozwa na Ridha, kinyozi wa kijiji, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kando ya hori palikuwa na shamba la chumvi la zamani lililotelekezwa, matuta yamebomoka, mikoko imeota juu yake. Waliomba ruhusa, wakapata. Wanaume na wanawake wakachimba, wakanyanyua matuta upya kwa udongo wa hapo hapo, wakajenga lango la mbao la kuingiza maji ya bamvua, yale yanayojaa sana kila baada ya wiki mbili. Vifaranga vya mwatiko wakavikusanya kwenye madimbwi ya pwani kwa vyandarua.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri kupita walivyotarajia. Siku ile, anasema Bi Mize, kila nyumba ilinuka samaki wa kupaka, na yeye akanunua godoro.

Bwana Harusi alikuja muda mfupi baada ya bwawa kujaa. Yangeyange weupe, wale wadogo, huja kwa makundi na kelele nyingi. Yeye alikuja peke yake. Alitua tutani asubuhi moja, akatembea polepole kutoka pembe hadi pembe, kisha akasimama. Akasimama mpaka watu wakaanza kubishana kama ni mzima.

"Jecha, mwenzetu wa kikundini, akasema huyo kafa kasimama," anacheka Bi Mize. "Mara nikaona shingo, tap! Hata sikuona ilivyokwenda. Nikaona samaki tu mdomoni, anamgeuza, kichwa kwanza, anammeza. Shingo ikavimba hivi, ikateremka. Basi."

Kwa jinsi anavyosimulia, utafikiri anamsema mtoto wake aliyemaliza chuo. Anajua kwamba Bwana Harusi hapendi samaki wadogo. Yu tayari kusimama nusu siku akisubiri mmoja wa maana. Anajua kwamba akishakula wawili amemaliza shughuli, anapanda kwenye mkoko, anakunja mguu mmoja. Anajua kwamba mwewe humvizia pale anapohangaika na samaki mkubwa, na mara nyingine humpora.

"Samaki wawili!" anasema. "Kwa siku. Na siku nyingine hapati hata mmoja maana nipo mie na madongo yangu. Sasa mtu aniambie ndege huyu kamaliza bwawa."

Na ndivyo walivyosema.

Mwaka jana, kikundi kilipotia wavu kupima mavuno ya pili, samaki walikuwa wachache. Si wachache wa kusikitisha, wachache wa kutisha. Wakatia tena bamvua lililofuata, wakakuta wamezidi kupungua. Hakukuwa na samaki aliyekufa akielea. Lango lilikuwa zima. Maji yalikuwa yakishuka kidogo kidogo, lakini kulikuwa na kiangazi, kila mtu akalilaumu jua.

Aliyebaki wa kulaumiwa ni mtu.

Walinzi wa usiku, wanaume wawili wawili kwa zamu, waliapa kwamba usiku hakuna kinachopita. Wakiwa wawili, kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake. Mlinzi wa mchana alikuwa mmoja, hana shahidi.

"Hakuna aliyenitamkia," anasema Bi Mize. "Ingekuwa afadhali wangenitamkia. Lakini nikipita dukani watu wananyamaza. Nikipika samaki, jirani anauliza, eti Bi Mize, leo umepata wapi? Kwa uzuri tu, anacheka. Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza nimepata wapi samaki."

Anayageuza macho pembeni, upande wa hori. "Niliumia. Nisiseme uongo, niliumia sana. Mie sina shamba wala ng'ombe. Nina jina langu tu, na nilikuwa naliona linakwenda."

Ndipo likaletwa wazo la Halbadiri, kile kisomo ambacho watu wa visiwani wakiibiwa humsomea mwizi asiyejulikana, wakimwomba Mwenyezi Mungu amfichue. Si jambo la mchezo. Kisomo hutangazwa kabla, mwenye kitu chake moyoni apate nafasi ya kukiri, kwa sababu kikishasomwa hakirudishwi. Kuna watu wazima wanaohama njia wakisikia kinasomwa.

Aliyeombwa kusoma ni Mzee Nyange, mwalimu wa chuo, aliyewafundisha Kurani karibu wote waliokuwa wanashukiana. Bi Mize hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe dukani akanunua ubani.

"Nilitaka nionekane nimenunua mie," anasema. "Mwizi gani anajinunulia ubani wa kusomewa?"

Kisomo kikasomwa alasiri, pale pale tutani. Watu walikaa kwenye majamvi wameinamisha vichwa, moshi wa ubani ukipeperuka kuelekea mikokoni. Bi Mize anakumbuka kwamba alilia, na kwamba alipoinua macho alimwona Bwana Harusi ng'ambo, amesimama, akiwatazama wote kwa jicho lake la manjano.

Asubuhi yake alimkuta amelala ubavu kwenye tope, mguu mmoja umevimba, bawa limetandazwa, mdomo wazi.

Habari ilifika kijijini kabla ya yeye mwenyewe kufika. Halbadiri imemshika Bwana Harusi! Watu wakaja na watoto mgongoni kumwona mwizi. Walisimama mbali kidogo, kwa adabu na kwa woga. Jecha, ambaye hana jambo asilolisemea, alikuwa mbele.

"Subhanallah," alisema. "Kumbe ni weye! Sisi tunashukiana binadamu!"

Na hapo, anasema Bi Mize, yakatokea mambo ya ajabu. Watu wakaanza kucheka. Wakapeana mikono. Mama jirani, yule wa kuuliza samaki umepata wapi, alimkumbatia Bi Mize mpaka kanga ikamdondoka. Kijiji kizima kilipumua. Mwizi alikuwa ndege, hana ukoo wala mke wa kuona haya, nani asiyefurahi?

"Na mie nilifurahi," anasema. "Dakika moja hivi."

Kwa sababu alipomkaribia ndege, aliona kitu. Kwenye ule mguu uliovimba ulikuwa umejiviringa uzi wa mshipi wa kuvulia, nailoni, umekaza mpaka umeingia nyamani. Haukuwa uzi wa jana. Nyama ilikuwa imeanza kuota juu yake.

Akanyoosha kidole, akawaonesha. "Hii si Halbadiri. Huu ni mshipi. Mnyama huyu alikuwa anaumwa kabla hatujawasha ubani."

Jecha hakushindwa jibu. "Na huo mshipi, Bi Mize, nani kamletea?"

Hoja kama hiyo huipingi. Wengine walisema aachwe afe, imekwisha. Wengine walimtazama mapaja wakiwaza mchuzi, kisha wakakumbuka amesomewa, hamu ikawatoka. Lakini kumgusa, hakuna aliyekuwa tayari. Anayemhifadhi mwizi aliyesomewa, walisema, anajitia mwenyewe ndani ya kisomo.

Bi Mize akavua kanga ya kichwani, akabaki na mtandio, akamfunika ndege kichwa ili mdomo ule usimtoboe jicho, akambeba kwapani mpaka nyumbani. Miguu mirefu ilikuwa ikining'inia nyuma yake. Watoto walimfuata wakiimba nyimbo za harusi.

"Walinitania mpaka nikachoka," anasema. "Eti Bi Mize kaolewa. Eti bwana yuko ndani, kafunikwa kanga, haonekani na watu mpaka siku saba."

Aliyemsaidia ni Benedicta, nesi wa kituo cha afya, mzaliwa wa bara aliyeletwa Pemba na kazi na kuzoea mpaka sasa anakula urojo kwa pilipili kuliko wenyeji. Alikuja na mkasi, maji ya chumvi na bandeji.

"Nilimwambia, Bi Mize, mimi nilisomea watu," anasimulia Benedicta. "Akaniambia, basi mfanye mtu. Nikapiga magoti. Tulimfunga mdomo kwa kitambaa, lakini kabla hatujamfunga alishatoboa ndoo yangu ya plastiki. Ndoo mpya kabisa!"

Uzi ulitolewa vipande vipande. Mfupa ulikuwa mzima. Ndege akafungwa bandeji, akawekwa uani nyuma ya uzio wa makuti, na ikaanza kazi ya kumlisha.

Siku ya kwanza alikataa samaki. Siku ya pili akakataa pia, akasimama kwa mguu mmoja akitazama ukuta. Bi Mize alidhani anakufa kwa huzuni. Ndipo likamjia wazo la kumtilia samaki kwenye beseni la maji na kulitikisa. Shingo ikaruka. Tangu siku ile kila asubuhi alimtikisia beseni, akimsemesha: haya bwana, bahari hiyo, vua.

Samaki hao aliwanunua kwa wavuvi pwani, kwa fedha yake. Wa bwawani hakugusa hata mmoja. "Nisije nikaitwa mwizi mara ya pili," anasema.

Lakini mara ya pili ilikuja.

Wiki tatu baada ya kisomo, bamvua likiwa limeanza, kikundi kilitia wavu tena. Walikuwa na furaha, wamejiandaa kuona bwawa lililopona. Wavu ulipovutwa, Ridha aliuinua, akautazama, akauweka chini taratibu. Samaki walikuwa wamepungua kuliko mwanzo.

Wenzake wakasogea, wakajionea. Kisha Jecha akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Mwizi yuko uani kwako, kafungwa bandeji. Sasa samaki wanakwenda wapi, Bi Mize?"

Fikiria kilichomfika mama huyu. Kama angemwacha ndege afe topeni, kila mtu angesema ndege alikuwa na wenziwe, au roho yake inaiba; wangetafuta maneno. Kwa kumponesha, alikuwa amemtengenezea mshitakiwa mwenzake ushahidi wa kutosha kwamba hakuwapo. Aliyebaki kizimbani ni yeye.

Ridha, ambaye ni mtu wa taratibu, alimwambia kwamba kikundi kitakutana Ijumaa baada ya swala, na kwamba kuna wanaotaka apumzishwe kazi. "Si mimi, Bi Mize," alisema. "Lakini wapo." Bi Mize alimjibu kwamba amesikia.

"Nilirudi nyumbani nikamkuta bwana anasubiri beseni lake," anasema. "Nikamwambia, leo sina. Nikakaa chini nikalia mbele yake. Na yeye ananitazama vile vile, kama anasubiri nimalize."

Mguu ulikuwa umeshapona. Bandeji ilikuwa imetoka siku mbili kabla. Bi Mize aliamua kwamba kama atafukuzwa kazi, basi ndege atamrudisha horini mwenyewe kabla hajafukuzwa, asije akabaki mikononi mwa watu wenye hasira. Asubuhi ya Alhamisi akamfunika kanga tena, akambeba.

Alimwachia tutani. Bwana Harusi akajikung'uta, akatembea akichechemea kidogo, akaruka. Hakuingia bwawani. Aliteremka upande wa nje wa tuta, mikokoni, akatua kwenye kijito chembamba cha tope katikati ya mizizi, akasimama.

Mahali pale Bi Mize alipajua. Alikuwa akimkuta pale miezi yote ile. Na miezi yote ile alifanya kile kile alichoajiriwa kufanya: akimwona, donge, akimwona, donge. Ndege akiwa nje ya tuta, hatua mbili tu huwa ndani.

"Siku ile sikurusha," anasema. "Nilitaka kuona kama mguu unabeba. Basi nikachutama, nikamtazama. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama bila kutaka aondoke."

Maji yalikuwa yanajaa. Bamvua la siku hizo linapanda haraka, na kijito kile kilianza kujaa kikirudi nyuma kuelekea tutani. Bwana Harusi hakutazama upande wa bahari, ambako samaki wangepaswa kutoka. Alikuwa ameipa bahari mgongo. Alikuwa anatazama tuta.

Tap! Shingo ikaenda na kurudi. Mdomoni alikuwa na mwatiko mnene, wa urefu wa mkono mpaka kiwiko. Samaki wa namna ile hapatikani kwenye kijito cha kuvuka kwa hatua moja.

Bi Mize aliteremka tuta kwa makalio. Ndege akaruka akiwa na samaki wake. Mama akaingia kwenye mizizi, akapiga magoti topeni, akatia mkono chini ya maji pale ndege alipokuwa anapatazama. Akapapasa mizizi, tope, mizizi tena. Kisha vidole vikagusa mbao ya mviringo. Akaingiza mkono ndani ya ule mviringo, ukazama mpaka begani, na kitu kikampiga kiganjani, kikamteleza, kikapita. Halafu kingine.

"Samaki," anasema, na hata leo anaposimulia, mkono wake unafumba na kufumbua. "Samaki wanapita mkononi mwangu. Nikapiga kelele! Wallahi nilipiga kelele mpaka nikadhani Makangale nzima imesikia."

Walikuja mbio, Ridha na sabuni ya kunyolea bado mkononi. Wakachimba. Kilichotoka chini ya tuta ni gogo la mnazi lililochimbwa katikati likawa bomba, limelala kutoka bwawani mpaka nje, limefunikwa na udongo wao wenyewe na mizizi ya mikoko. Enzi za shamba la chumvi ndilo lililokuwa likiingizia maji. Mdomo wake wa ndani ulikuwa karibu na uso wa maji ya bwawa, umejificha chini ya majani.

Maji ya bamvua yalipopanda nje, yaliingia bwawani kupitia gogo hilo, mapya na ya baridi. Na mwatiko ana tabia moja: akisikia maji mapya ya bahari yanaingia, anayafuata yanakotoka. Kila bamvua walijipanga na kutoka kwenda zao baharini, mmoja nyuma ya mwingine. Nje ya mlango alikuwa amesimama mgeni mmoja tu, anachukua wawili, wengine anawaacha waende.

Mzee Nyange alifika wa mwisho, kwa mwendo wake. Alisimama juu ya shimo, akalitazama lile gogo kwa muda mrefu. Akavua kofia.

"Hili," alisema, "nimeliziba mie."

Watu hawakuelewa. Akawaeleza. Ujanani, kabla hajashika chuo, alifanya kazi ya chumvi hapo hapo. Msimu ukiisha, kazi yake ilikuwa kuziba midomo ya magogo kwa makumbi ya nazi yaliyofinyangwa na udongo. Mwaka wa mwisho aliziba kama kawaida, shamba likafungwa, hakurudi tena. Kikundi kilipochimba bwawa alidhani magogo yote yalishang'olewa. Hakuulizwa, naye hakusema. Makumbi yakakaa miaka na miaka, mpaka mwaka jana yakaoza.

"Nimekaa hapa nimesoma, nikamwomba Mola atuoneshe samaki wetu wanapitia wapi," alisema Mzee Nyange. "Kumbe wanapitia kwenye kizibo changu."

Ni Jecha aliyeanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kisha mzee mwenyewe akacheka mpaka akaketi chini. Walipotulia, akawa wa kwanza kumgeukia Bi Mize, aliyekuwa bado ametapakaa tope mpaka kwenye mtandio.

"Mwanangu," alimwambia, "kisomo kimejibiwa. Lakini tulifanya haraka kukushuku weye. Tusamehe."

Bi Mize anasema aliitikia kwa kichwa. Mkutano wa Ijumaa ulifanyika kama ulivyopangwa, ila ajenda ilibadilika. Ridha alisimama mbele ya wote akasema kwamba hakuna aliyeiba, na akalitaja jina lake kamili, Mize binti Kificho, mara tatu, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Mama jirani alileta sinia la visheti. Jecha hakuomba radhi kwa mdomo, si mtindo wake. Alikuja Jumamosi na makuti mapya, akaezeka upya kibanda cha mlinzi tutani, siku nzima, bila kusema hata neno moja la utani.

"Ikanipa wasiwasi," anasema Bi Mize. "Nikamwambia Jecha, sema chochote bwana, nisije nikadhani unaumwa."

Sasa gogo limeng'olewa na tuta limezibwa. Samaki wamerudi kujaa, na mavuno yanayokuja, kikundi kinatumaini, yatatosha kuchimba bwawa la pili kwenye upande mwingine wa shamba la chumvi. Bi Mize amechaguliwa kusimamia kazi hiyo. Sharti lake moja limekubaliwa: kabla maji hayajaingizwa, Mzee Nyange atabebwa kwenye kiti azungushwe matuta yote, aoneshe kila mahali alipowahi kuziba. Mzee amekubali, ila ametaka kiti kiwe na mto.

Ana tumaini jingine, na analisema kwa sauti ya mtu anayeficha furaha. Msimu huu Bwana Harusi haji peke yake. Kuna mwingine, mrefu vile vile, na wiki iliyopita wawili hao wameonekana wakibeba vijiti kwenda kwenye mkoko mkubwa ng'ambo ya hori. Bi Mize ameshaomba mkoko ule usikatwe na mtu yeyote kwa kuni wala kwa boriti.

"Bwana harusi gani anakaa miaka bila bibi harusi?" anauliza. "Nilikuwa namwonea huruma."

Anakumbushwa na mwandishi kwamba wakipata makinda, watakaokula mwatiko watakuwa wengi.

"Basi waniongezee posho," anajibu, "maana nitafukuza ukoo mzima."

Maji yamejaa. Ng'ambo, mabawa ya kijivu yanafunguka, shingo inakunjwa, na Bwana Harusi anavuka hori polepole, miguu imenyooka nyuma. Anatua karibu na lango. Bi Mize ameshainama kuchota udongo. Analifinyanga donge, anainua mkono, na kama asubuhi, anaushikilia hewani. Macho yake yanatoka kwa ndege, yanakwenda kwenye lango, yanapita tutani, yanarudi kwa ndege.

Anaulizwa kwa nini siku hizi anakawia kurusha.

"Kumfukuza nitamfukuza, ndiyo kazi yangu," anasema, bila kuondoa macho. "Lakini sasa naangalia kwanza kasimama wapi."